Wiki ya kumi na nne ni siku ya 98: tuleteeni meza ya cheti pale penye mizani ya watoto

Wasikilizaji wapendwa, nanyi ndugu zetu mliohama makwenu na mnaotusoma kwenye simu ya jirani, wiki hii sitaandika habari za mapigano. Wengi mmenipigia tangu nirudi hewani mkiuliza mtoto anaendeleaje. Anaendelea vizuri. Ana miezi tisa, ana meno mawili ya chini, na Jumanne iliyopita alichanjwa surua na homa ya manjano siku moja. Alilia kwa sauti ambayo ingefaa matangazo ya saa moja, kisha akalala mgongoni mwangu kabla hatujafika barabarani.

Nilipokuwa narudi na moto siku ile nilihesabu safari ambazo nimetoka nyumbani na huyu mtoto kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya soko wala kanisa. Ni nyingi kuliko nilivyodhani. Na kila safari, kulikuwa na mtu aliyeweza kunifungulia njia au kunifungia. Hilo ndilo nataka tuzungumze leo, maana najua wamama wa Kigonze ambao kwao njia moja kati ya hizo imekwisha kufungwa, na wao hawakuwa na kosa.

Mama yangu alitoka Mahagi kuja kunitunza nilipozaa. Alikuja na sheria zake. Mzazi hatoki kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka. Mzazi hatembei jioni. Mzazi hashiki maji baridi. Majirani walikuja kumwona mtoto, kila mmoja na kipande cha sabuni au kilo ya sukari, na kila mmoja aliongeza sheria yake. Sikatai, mapumziko yale yalinisaidia, na supu ya mama yangu bado naitamani. Lakini tatizo lilianza mapema, kwa sababu chanjo ya kwanza ya mtoto, ile ya kifua kikuu inayoacha alama mkononi pamoja na matone ya polio, haingoji sheria za majirani. Inatakiwa itolewe mara tu mtoto anapozaliwa.

Mimi nilizaa usiku wa Ijumaa. Jumamosi asubuhi niliambiwa nirudi Jumatano. Jumatano nikaambiwa watoto hawajatimia, nirudi wiki inayofuata. Kituo chenyewe sitakitaja, na nikisema kweli mganga aliyenirudisha hakuwa mtu mbaya. Kichupa kimoja cha chanjo ile kinatosha watoto hadi 20, na kikishafunguliwa hakikai; baada ya saa sita kilichobaki kinatupwa. Basi mganga anaona uchungu kufungua kichupa kwa mtoto mmoja au wawili, halafu kesho aulizwe mbona dawa imeharibika. Lakini shirika la afya la ulimwengu, OMS, linashauri kichupa kifunguliwe hata kama mtoto aliyefika ni mmoja, maana mtoto anayerudishwa nyumbani huenda asirudi tena. Nilirudi mara ya tatu kwa sababu nina mshahara, hata kama ni mdogo, wa kulipa moto. Franka 2000 kwenda, franka 2000 kurudi, mara tatu. Mama anayeuza mboga kwenye kitambaa chini hawezi kuzitoa mara tatu, na sitamlaumu.

Tukaingia kwenye pezee. Kwa wale ambao hawajazaa, pezee ni siku ya kupima kilo za watoto, na pale ndipo chanjo zinapotolewa. Nimefanya ripotaji nyingi pale nikiwa na mikrofoni, nikadhani napajua. Sikupajua. Ukiwa na mikrofoni unapewa kiti. Ukiwa na mtoto unapanga mstari tangu saa kumi na mbili na nusu, fishi zinawekwa moja juu ya nyingine mezani, na ukichelewa fishi yako inakuwa ya chini kabisa. Mizani inaning'inia kwenye mti wa paa, mtoto anavalishwa kile kisuruali cha kitambaa, anatundikwa kama mkungu wa ndizi, na hapo kilio kinaanza na kuambukiza mstari mzima. Wamama wanacheka. Huo ndio ukweli ambao ripotaji zangu hazikuwa nao: pezee ni mahali pa kucheka. Kwa mama ambaye wiki nzima hakuona mtu ila ukuta na nepi, mstari ule ni baraza. Pale ndipo nilipoambiwa na mama mwenye watoto saba kwamba ziwa langu linalouma halina uchawi wowote, mtoto alikuwa anashika chuchu tupu badala ya kufungua mdomo mzima. Alimshika mtoto wangu kichwa, akamweka sawa, maumivu yakaisha baada ya siku mbili.

Mtoto wangu alitoka kilo 3 na gramu 100 akafika 4 na 400 kwenye wiki ya sita. Mganga alitia nukta kwenye fishi akaiunganisha na ile ya kwanza, mstari ukapanda. Nimesoma matokeo ya uchaguzi hewani bila kutetemeka. Mbele ya ule mstari nilitokwa na machozi.

Wiki ya kumi nilikuwa na homa, na papa wa mtoto ndiye aliyekwenda. Alimfunga mtoto kifuani kwa kitenge changu, vijana wa kituo cha moto wakampigia mluzi hadi kona. Alipofika pezee akaitwa mbele papo hapo, akahudumiwa wa kwanza, akapongezwa, akarudi saa mbili na nusu akishangaa kwa nini mimi hurudi saa sita. Najua wanafanya hivyo ili wanaume wapate moyo wa kuja. Sawa. Lakini pale mstarini alikuwepo mama mwenye mapacha, mmoja mgongoni na mwingine mkononi, naye hajawahi kuitwa mbele. Sisemi wanaume wasiitwe. Nasema macho yanayomwona mwanaume mwenye mtoto mmoja yamwone na huyo.

Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya mwaka 2002, inampa mama wiki 14 za mapumziko, zisizozidi nane baada ya kuzaa, na akirudi kazini anapewa nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha, nayo inalipwa kama kazi. Wanawake wengi wenye mkataba hawaijui hiyo nusu saa. Wengi zaidi hawana mkataba. Mimi niliomba, nikapewa, ila studio yetu haina mahali pa kukaa, basi nilinyonyesha kwenye chumba cha jenereta, tena siku za umeme. Siku nyingine nilikwenda naye kwenye ripotaji. Kuna siku mtoto alilia katikati ya mahojiano na chifu mmoja wa kata, na mtu wa mitambo akataka kukata ile sehemu. Nilikataa. Jioni simu zilizoingia hazikuuliza chifu alisema nini, ziliuliza mtoto ana miezi mingapi.

Kicheko chake cha kwanza hakikutokea nyumbani. Tulikuwa kwenye mashine ya kusaga muhogo, mashine ikakohoa, ikazima, ikawaka tena, naye akacheka kwa sauti. Mama mwenye mashine akaizima na kuiwasha mara nne zaidi kwa ajili yake, wateja wakingoja. Mimi nayashika mambo kama haya kuliko nukta za fishi.

Sasa nifike Kigonze.

Kambi la Kigonze liko hapa Bunia, na waliomo wengi walitoka teritware ya Djugu kwa nyakati tofauti tangu vita vilipoanza tena mwishoni mwa 2017. Nilikwenda pale na mtoto wangu mgongoni kuuliza habari za maji. Mama mmoja aliniangalia, akaniacha niulize maswali yangu yote, halafu akaniuliza moja lake: "Wa kwako amekwisha kukaa?" Alikuwa na mtoto anayezidi wangu kwa kama mwezi. Tangu siku hiyo hatujaacha kuwalinganisha. Wa kwake alikaa kabla ya wangu. Wangu aliota jino kabla ya wake. Wa kwake ana nguvu za miguu, anashika mti wa mlango wa bashi na kusimama, na mama yake anaogopa asiangushe nyumba nzima. Anacheka akisema hivyo, lakini nilipoushika ule mti niliona ana haki ya kuogopa.

Nimesema "kama mwezi" kwa sababu tarehe haijulikani vizuri. Alizaa njiani, kwenye nyumba ya watu waliompokea kwa siku tatu, akisaidiwa na mwanamke mzee wa pale. Anajua ilikuwa usiku wa kuamkia siku ya soko. Alipofika kituo cha afya cha karibu mtoto alichanjwa, akapewa fishi. Kisha wakakimbia mara ya pili. Alichukua mtoto, sufuria, mkeka na chumvi. Fishi ilibaki chini ya godoro ambalo sasa, anasema, huenda ni majivu.

Alipofika Bunia alikaa zaidi ya miezi miwili bila kumpeleka mtoto pezee. Mtu alimwambia bila fishi atafukuzwa, mwingine akamwambia sindano zitaanzwa upya zote na mtoto atakufa na wingi wa dawa. Wamama mliopoteza fishi, nasema hili polepole ili liwafikie. Nendeni hivyo hivyo. Fishi nyingine itaandikwa. Kama inajulikana mtoto alipata zipi, anaendelea pale alipokomea, haanzi upya hata kama miezi imepita. Kama haijulikani kabisa, atachanjwa kama ambaye hakupata, na kurudia chanjo hizi hakumletei hatari kama mnavyoambiwa. Hatari ni surua yenyewe kuingia kambini na kumkuta hana kinga. Aliyekuja na mtoto mchelewaji hastahili kufokewa mbele ya watu. Akifokewa mara moja, wengine kumi hawaji.

Yeye alikwenda mwishowe. Walipimia mkono wa mtoto ule ukanda wa rangi tatu, unaotumika kuanzia miezi sita. Kijani ni milimita 125 na zaidi, chini ya 115 ni nyekundu, katikati ni njano. Wake aliangukia njano. Mtoto alikuwa bado ananyonya vizuri, lakini kwenye umri ule maziwa peke yake hayamtoshi tena. Aliandikwa, akafundishwa kuongeza karanga na samaki wa kusaga kwenye uji. Karanga anazipata siku nyingine, siku nyingine hazipati. Mwezi uliopita mkono ulisoma kijani. Alinipigia kwa simu ya jirani kunieleza, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeshinda kesi.

Lakini kesi moja imeshampita. Mtoto yule hana cheti cha kuzaliwa.

Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye ofisi ya leta, bila malipo. Baba au mama anaweza kwenda. Wakikosekana, ndugu wa karibu, au mtu aliyekuwepo mama alipozaa. Siku 90 zikipita, ofisi haina tena ruhusa ya kuandika hivi hivi. Inatakiwa hukumu ya mahakama, na njia ya mahakama ina karatasi, ina mashahidi, ina pesa. Mama aliyebeba chumvi na mkeka ataipata wapi?

Mimi mwenyewe, mwandishi wa habari, ninayesoma matangazo hayo ya cheti hewani, nilikwenda siku ya 84. Nilikuwa nimejipangia kichwani kwamba nitamaliza chanjo tatu kwanza, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha nipeleke karatasi zote kwa mara moja. Papa wa mtoto ndiye aliyechukua kalenda na kuhesabu kwa kidole. Wiki 14 ni siku 98. Ningefika nimechelewa kwa siku nane, na fishi yangu nzuri mkononi. Na katika ofisi niliyofika niliombwa "pesa ya karatasi". Niliuliza bei hiyo imeandikwa wapi. Kimya kirefu, kisha cheti kikatoka. Nilikuwa na kinasa sauti mkononi, nadhani kilisaidia. Mama asiye nacho angelipa au angerudi nyumbani.

Basi mawazo yangu ni haya. Serikali inamwita mama mwenye mtoto mchanga mara nne katika miezi ile ya kwanza, na mara zote nne anaitwa na watu wa afya. Anakuja. Anapanga mstari. Jina la mtoto linaandikwa, tarehe ya kuzaliwa inaandikwa, jina la mama, la baba, mtaa. Ni maneno yale yale, karibu yote, ambayo ofisi ya cheti inayataka. Halafu tunamwambia apande moto aende upande mwingine wa mji kuyarudia mbele ya meza nyingine. Kwa nini meza ile isiletwe pale penye mizani? Siku mbili kwa mwezi zinatosha. Na mganga anayetia sindano ya wiki ya sita aulize swali moja tu: amekwisha kuandikishwa? Wiki ya sita ni siku 42, wiki ya kumi ni siku 70. Muda bado upo. Akisubiri kuuliza wiki ya 14, anauliza maiti.

Nilimweleza hivyo mtumishi mmoja wa leta, mzee ninayemheshimu. Alinijibu kwamba daftari la vyeti halitembezwi ovyo, likipotea ni majina ya watu yamepotea, na afisa anayetia sahihi ni mmoja. Ana haki. Sitaki daftari lipakiwe kwenye moto kama gunia la makala. Lakini kama daftari haliwezi kutoka, fomu inaweza. Karani mmoja aje na fomu, aandike mbele ya mama na shahidi wake, azirudishe ofisini zikatiwe sahihi, vyeti vije pezee ya mwezi unaofuata. Watu wa chanjo wanabeba boksi la barafu hadi mahali ambapo gari haliingii, na barafu inayeyuka. Karatasi haiyeyuki.

Alinijibu pia kwamba wahami wanahamahama, leo wako hapa, kesho hawapo. Hapo sikukubaliana naye. Ni kwa sababu hiyo hiyo wanahitaji kuandikwa wakiwa bado wako hapa. Yule mtoto wa Kigonze atafika umri wa shule, atafika umri wa mtihani, na kila mahali ataulizwa alizaliwa lini na wapi na nani shahidi. Shahidi ni mwanamke mzee ambaye mama hakumbuki jina lake lote.

Nanyi vijana wa moto, nina neno dogo. Mama mwenye mtoto wa wiki sita mnampandisha bei kwa sababu mnajua hawezi kutembea. Tunawaona. Wengine wenu mmezaa mwaka huu huu.

Rafiki yangu wa Kigonze ameanza njia ya mahakama, tutaona. Wakati huo huo amejipa kazi. Jirani yake wa bashi la tatu amezaa wiki tatu zilizopita, na rafiki yangu ndiye anayemhesabia siku, kila asubuhi anachora mstari mmoja kwa makala kwenye mti ule ule ambao mwanawe anaushika kusimama. Nilipopita Jumapili mistari ilikuwa 22, na mmoja ulikuwa umefutwa nusu na mkono wa mtoto.

Alhamisi tunampeleka huyo jirani komine, sisi watatu na watoto wetu. Kama kuna mama mwingine kambini mwenye mtoto ambaye hajamaliza siku 90, atukute saa moja asubuhi penye bomba la maji. Aje na karatasi ya maternite kama anayo. Kama hana, aje na mtu aliyekuwepo usiku ule.